Bolti ya Kumi na Mbili

Alikuwa ananawa mikono kabla ya kazi, si baada ya kazi. Waliokuja karakana yake mara ya kwanza walimkuta kwenye sinki, amekunja mikono ya shati, anasugua kucha kwa brashi kama daktari anayekwenda kumpasua mtu. Jioni mikono ile ile, sasa imejaa oili mpaka kwenye viwiko, ilikwenda kushika bomba la tramu mbele za watu. Ukimwuliza, alikujibu kwamba ngozi yake inavumilia uchafu wa injini, lakini injini haivumilii uchafu wake.

Mimi nilimwita Papa, kama tunavyowaita hapa Brussels wazee wote wa Kikongo. Wabelgiji walimwita le motoriste, yaani mjenzi wa injini. Nikiwasimulia ndugu zangu Mwanza kwenye simu nilimwita Fundi, na humu nitamwita hivyo.

Tulikaa nyumba moja kule Saint-Gilles, nyuma ya stesheni ya Midi, katika jumba refu la zamani lililogawanywa vyumba. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa nyuma. Karakana yake ilikuwa uani, ukishapita korido iliyojaa baiskeli na vigari vya watoto. Dirisha la jiko langu lilitazama paa lake la vioo. Kwa miaka tisa nilipika, nikanywa chai na kuvaa sare yangu ya kazi, maana kazi yangu ni kutunza wazee, huku nasikiliza sauti ya vyuma vyake.

Hakutengeneza magari ya watu wanaokwenda sokoni. Wateja wake walikuwa wale wanaume, na wanawake wachache, wenye ugonjwa wa hotrodi. Mtu anatafuta gari la Kimarekani lenye umri wa babu yake, analishusha paa, analivua madigadi, magurudumu yanabaki nje kama miguu ya panzi, halafu anadai liwekewe injini ya silinda nane yenye nguvu ya kuliinua pua. Injini hiyo ndiyo waliyomletea Fundi. Iliingia ikiwa maiti ndani ya makreti, vipande vipande, na baada ya miezi saba au minane ikatoka inanguruma. Hakukubali kuambiwa tarehe. Aliyempigia simu kuuliza imefikia wapi alijikuta ameongezewa mwezi mwingine.

“Mutu wa haraka aende kwa benzake ba haraka,” aliniambia. “Moteur haina huruma, mama, lakini haina fitina. Uliyoifanyia, itakufanyia.”

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata gari moja kati ya hayo. Hilo lilinichekesha na kunitisha. Mtu aliyejenga mbio maisha yake yote aliogopa mbio. Ndani ya teksi alishika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho. Binti yake, anayeishi Etterbeek, alizoea kumfuata kwa basi badala ya gari kwa sababu hiyo. Na mbele ya wateja alisema, akiwa mkavu kabisa, kwamba haendeshi kwa sababu madaktari wamemkataza. Hakuna daktari aliyemkataza.

Alikuwa mwongo, tuseme ukweli. Alidanganya umri wake kwa mchungaji, akamdanganya binti yake kwamba amekunywa dawa za presha, na mimi akanidanganya mara tatu kwamba shati alilovaa ni jipya. Uongo mdogo mdogo, usio na faida yoyote, kama mtu anavyochezea vifungo vya koti. Lakini kwenye chuma hakudanganya. Tulilijua hilo wote, na kwa ajili yake tulimsamehe yale mengine. Pete ya pistoni ikiwa na mkwaruzo ambao mimi sikuuona hata kwa miwani, aliitupa, akaandika barua Amerika kuomba nyingine, akangoja.

Na alikuwa mkali. Mwaka wangu wa pili pale alikuja fundi mwenzake, mtu wa Kivu, kijana kwake lakini baba wa watoto wanne, ambaye alikuwa amesahau kitambaa ndani ya injini ya mteja. Alikuja kuomba ushauri, na siku hiyo karakana ilikuwa na watu. Fundi alikichukua kile kitambaa kilichoungua, akakitandaza mezani, akamwambia mbele ya wote, “Weye, usishike tena moteur. Ushike fagio.” Nilikuwa mlangoni na sahani ya maandazi. Yule bwana alikusanya kofia yake, akaondoka bila kuaga. Nilimwambia Fundi kwamba amemvunjia mtu heshima. Akajibu kwamba heshima ya mutu hairudishi mukono ya mutu. Mpaka leo sijui kama alimaanisha mkono uliokatika au mkono uliokosea.

Aliniokoa mara moja mimi pia, akinigombeza wakati wote. Ilikuwa Januari, mtambo wa kupashia joto chumba changu ulikufa, mwenye nyumba hakupokea simu. Fundi alipanda na begi lake, akapiga magoti, akaufungua, akanihoji juu ya uchafu aliokuta ndani kama vile mimi ndiye niliyeutengeneza. Akakicheka na Kiswahili changu. “Munasemaka sawa radio,” alisema. “Mutu anakufa na baridi, na bado anasema ‘naomba msaada wako tafadhali.’” Saa moja baadaye chumba kilikuwa na joto na yeye ameshaondoka.

Kila majira ya kuchipua, Jumamosi moja asubuhi, klabu ya watu wa hotrodi ilimtembelea. Watu kumi, kumi na wawili. Wiki nzima kabla ya hapo alilalamika: wanakuja kushikashika, wanakuja kupiga picha, wanauliza maswali ya kitoto. Ijumaa alipiga pasi ovaroli. Jumamosi alivaa tai ndani yake. Mimi nilikaanga maandazi na kumsaidia kupokea wageni, na tulikuwa na mchezo wetu: yeye aliwaeleza wageni mambo kwa Kifaransa, halafu, bila kugeuza uso, aliwasema kwa Kiswahili. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibelgiji, mwembamba, mwenye fimbo, jina lake Etienne, aliyekaa kila mwaka kwenye kigoda karibu na mlango bila kusema neno. Fundi alimwita kuku ya frigo, yaani kuku wa kwenye friji. Nilicheka mpaka nikageukia ukutani.

Sasa nieleze alivyofunga bolti, maana bila hilo kisa hakieleweki. Katika injini ya silinda nane kila pistoni ina mkono wake wa chuma, na kila mkono unashikwa chini na bolti mbili. Jumla kumi na sita. Zinakazwa kwa spana maalumu inayotoa mlio, tak, nguvu inayotakiwa ikifika. Bolti moja ikilegea, injini inaweza kunguruma vizuri kwa dakika kumi, au siku kumi. Kisha siku mtu amekanyaga mafuta mpaka mwisho, mkono unang’oka, unatoboa ubavu wa injini, oili ya moto inamwagika chini ya magurudumu. Gari limo katika mwendo ule.

Mafundi wengine hutia tone la rangi kwenye kila bolti waliyokwisha kuikaza. Fundi aliidharau rangi. Alihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama Wakongo wote wanavyohesabu: un, deux, trois. Nilizisikia namba hizo kutoka jikoni kwangu. Simu aliizima. Na sheria yake ilikuwa kwamba akikatishwa, hata na chafya, anarudi mwanzo. Un.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu binti yake alinipigia mimi, kwa kuwa simu ya baba yake ilikuwa imezimwa. Dada yake Fundi, mkubwa wake aliyebaki Likasi, kule Kongo, alikuwa amefariki. Binti alikuwa kazini, analia, akaniomba nishuke nimwambie. Nilishuka. Nikiwa kwenye korido nilimsikia anahesabu. Aliposema “onze”, kumi na moja, nikagonga mlango.

Nilimwambia kama tunavyowaambia watu: nikamwomba kwanza akae. Hakukaa. Alisikiliza akiwa ameshika spana. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia alfajiri. Akasema, “Bon. Bon,” kama mtu anayesema haya, haya. Nikamwuliza kama nimletee maji, akasema nimuache kidogo. Nikatoka. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia sauti yake tena, ya chini, haina nguvu, inahesabu. Wakati ule sikuwaza lolote ila kwamba maskini, anatafuta kitu cha kushika.

Wiki tatu baadaye klabu ilikuja.

Injini ile ile ndiyo iliyokuwa katikati ya karakana, imefungwa kwenye fremu ya chuma, imeunganishwa na tangi dogo la mafuta na betri, tayari kuwashwa mbele ya wageni kwa mara ya kwanza. Mwenyewe alikuwa Joris, dereva wa basi kutoka kijiji kimoja cha Waflemi, wale Wabelgiji wasemao Kiholanzi, mtu mnene mwenye sauti nyororo kuliko mwili wake. Alikuja na binti yake, Lotte, msichana wa chuo. Jumapili ijayo, alisema, wangekwenda kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika, ambako watu wa hotrodi hushindana kwa mwendo ulionyooka, na Lotte angekaa kando yake. Alirudia mara mbili kwamba Lotte ndiye aliyeomba. Msichana alikuwa anacheka na ameinua simu kupiga video.

Fundi alikuwa katika hali nzuri. Tai nyekundu. Aliwaonyesha mkono wa chuma uliokatika, si wa kazi yake, akawapitishia waushike wauone. Kisha akawaeleza sheria yake. “Nikikatishwa,” alisema kwa Kifaransa, “hata Papa wa Roma akigonga mlango, narudi kwenye moja. Sijawahi kuendelea. Kamwe.”

Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa na sinia mkononi, na ndipo niliposikia upya kile nilichosikia kwenye ngazi. Haikuwa un. Ilikuwa treize, kumi na tatu.

Nilijaribu kujishawishi. Labda alirudia haraka nikiwa bado kwenye korido. Haiwezekani, bolti kumi na mbili si kazi ya nusu dakika. Labda alikaza ya kumi na mbili kimya kimya. Labda masikio yangu. Wakati nawaza hayo, alikuwa anafungua mafuta, anagusa waya wa betri, na watu walikuwa wanarudi nyuma hatua mbili na kuziba masikio kwa vidole. Niliweka sinia chini, nikamsogelea.

“Papa,” nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida ili mtu asishtuke, “naomba neno moja.”

“Ngoja, mama. Tunawasha.”

“Siku ile nilipokuletea habari ya dada yako, ulikuwa unafunga injini hii.”

“Bon. Na kisha?”

“Ulikuwa umefika onze. Nilipokuwa napanda ngazi nikasikia treize. Sikusikia un, Papa. Na douze sikuisikia.”

Alitabasamu kwa ajili ya wageni. “Mama, usinichezeshe hapa mbele ya batu.”

“Labda sikusikia vizuri. Lakini kama ni kweli—”

“Weye unajua kuosha bazee. Moteur ni ya miye. Nyamaza.”

Miaka tisa hakuwahi kuniambia nyamaza. Mkono wake ulikwenda kwenye swichi. Nilimtazama Lotte, na simu yake, na nikafikiri kwamba sasa itabidi niseme kwa Kifaransa changu kibovu, mbele ya wote, kwamba mzee huyu amekosea, nami sina ushahidi ila namba niliyoisikia kwenye ngazi. Nilifungua mdomo.

“Mama iko nasema kweli?”

Sauti ilitoka mlangoni, ya kikohozi kikohozi. Wote waligeuka. Alikuwa Etienne. Amesimama, ameegemea fimbo.

Fundi hakutikisika.

“Mimi nasikia Swahili,” Etienne akaendelea, kile Kiswahili cha zamani cha jikoni, cha wazungu na maboi wao, kila neno likishuka peke yake. “Mimi nazaliwa Likasi. Mimi nakaa kule mpaka miaka kumi na tano.” Akapumua. “Kuku ya frigo nasikia pia.”

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna mwingine aliyeelewa. Joris aliuliza kuna nini. Etienne hakumjibu. Hilo silisahau. Angeweza kuyatafsiri yote kwa Kifaransa, au Kiflemi, na mambo yangekwisha. Alimtazama Fundi tu na kusema, “Sema weye. Mimi nanyamaza.” Kisha akakaa tena kwenye kigoda chake.

Bomba la sinki lilikuwa linadondoka. Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya swichi, nami nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kuona mshipa wa shingo yake ukipiga juu ya tai. Ndipo alipoondoa mkono. Akatoa waya wa betri. Akawageukia watu, akasema kwa Kifaransa:

“Tunaifungua. Kuna bolti moja sina hakika nayo.”

Joris alifikiri ni mzaha. Akasema haina haja, anamwamini, dunia nzima inamwamini. Wengine wakaunga mkono. Fundi alikuwa ameshaanza kumwaga oili.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Hakuna aliyeondoka. Waliinyanyua injini kwa mnyororo, wakaigeuza chini juu, Fundi akafungua bolti za sampu, lile beseni la oili linalofunika tumbo la injini, akalibandua polepole. Kisha akachukua ile spana, akaiweka tayari, na badala ya kuitumia akampa Joris.

“Ni yako,” alisema. “Kagua wewe. Hesabu kwa sauti.”

Joris alijipangusa mikono kwenye suruali. Un: tak. Spana haikuzunguka hata unywele. Deux: tak. Trois. Kufikia huit, ya nane, watu walikuwa wameanza kupumua, na mtu mmoja alisema kwa kunong’ona, mnaona? Neuf. Dix. Onze: tak.

Douze. Spana ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, laini, bila mlio wowote, karibu robo nzima ya duara, ndipo ikalia.

Joris hakuendelea. Alisimama na spana mkononi akiitazama ile bolti, halafu akamtazama binti yake. Lotte alikuwa ameshusha simu zamani. Joris aliweka spana mezani, taratibu sana, akatoka uani. Tulimwona kupitia kioo akiwa ametupa mgongo, mikono kichwani. Alipoingia tena, macho mekundu, alikwenda moja kwa moja kwa Fundi, akamkumbatia, akamwinua kidogo kutoka sakafuni. Alisema hajawahi kuona mtu wa namna hii. Mtu anayefungua kazi yake mwenyewe mbele ya watu, kwa sababu ya shaka tu.

Wengine wakapiga makofi. Fundi alisimama ndani ya mikono ya yule mtu mnene kama nguo iliyotundikwa. Hakunitazama.

Jumatatu aliirudia kazi yote, kutoka un, na mwezi huo injini ikaenda kwa Joris, na mpaka ninapoandika haijampa tabu. Habari ilisambaa. Ilifika kanisani kwake, ambako aliimba sauti ya nne, na mchungaji akaitolea mahubiri. Mtu wa kweli, alisema, ni yule anayejikagua kabla hajakaguliwa.

Mimi nilipata salamu za kichwa tu. Miezi saba. Tukikutana kwenye korido alijibana ukutani nipite, akainamisha kichwa, “Mama,” na basi. Nilipompelekea maandazi aliyapokea mlangoni. Nilielewa hivi: nilikuwa nimemwaibisha mbele ya mzungu aliyeelewa. Nilijiuma vidole, nikakasirika, kisha nikazoea. Ya nyuma ya hapo sikuyafikiria. Ilipofika baridi aliuza vifaa vyake vyote kwa klabu, karakana ikapangishwa kwa mtu wa baiskeli, yeye akahamia Etterbeek kwa binti yake. Siku ya kuhama nilikuwa zamu. Niliporudi paa la vioo lilikuwa giza.

Mwaka tangu siku ile ya klabu ulikuwa umekaribia kwisha aliponipigia mwenyewe. Alisema nije Jumamosi, saa tisa, nisichelewe.

Nilimkuta peke yake sebuleni, ghorofa ya nne, shati safi. Binti alikuwa kazini. Alikuwa amekonda. Aliniambia niketi, akaanza bila kuuliza habari zangu.

“Unazania nilikukasirikia juu ulisema.”

“Ndiyo, Papa.”

“Apana. Nilikukasirikia juu miye nilijua.”

Sikuelewa. Akanieleza, akitazama zulia. Siku ile ile ya msiba, ndani ya tramu akienda kwa binti yake, namba ilimrudia. Onze, halafu treize. Akajiambia kesho atafungua. Kesho yake akajiambia sampu ameshaibandika kwa gundi mpya, afungue tu keshokutwa. Keshokutwa akajiambia ni huzuni, ni uzee, bolti ameikaza.

“Trois semaines, mama, wiki tatu. Kila asubui nilipita kando ya ile moteur. Batu banakuja kuangalia, sasa miye nifungue? Miye? Nilisema, nitawasha. Ikilia vizuri, basi, iko vizuri.”

“Lakini ulifungua, Papa.”

“Muzungu alisikia.”

Alisema hivyo tu. Machoni mwangu nilimwona Lotte na simu yake.

“Joris anakuja,” akasema. “Kila samedi ya kwanza ya mwezi, sawa leo, saa kumi. Analeta keki. Anakaa hapo penye umekaa. Ananiita mutu wa kweli. Anabaambia batu kazini. Siwezi tena kuisikia.”

“Na mimi umeniitia nini?”

Akaninyooshea kidole, kidogo tu, kama zamani aliponigombeza. “Juu nikianza kusema, nitabadilisha. Niko najijua. Weye ukiwa hapa, sitabadilisha.”

Kengele ililia. Nilifungua mimi. Joris aliingia na boksi la keki, akafurahi kuniona, akanibusu shavuni, akauliza kama watu wangu wa nyumbani hawajambo. Fundi alikuwa amesimama katikati ya sebule. Joris alipotaka kumkumbatia, alimzuia kwa mkono, akamwambia akae kwanza. Yeye mwenyewe hakukaa.

Alisema kwa Kifaransa, kifupi, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti. Tramu. Sampu. Wiki tatu. Kwamba mkono wake ulikuwa kwenye swichi baada ya mimi kumwambia. Kwamba Etienne alielewa. Kila alipofika mahali ambapo angeweza kupunguza, alinitupia jicho, akaendelea.

Joris alisikiliza na boksi mapajani. Aliuliza swali moja tu.

“Uliponiona na Lotte mlangoni asubuhi ile, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Joris alitazama mikono yake. Aliweka boksi mezani, akalisogeza kidogo mbali na ukingo lisianguke. Akavaa koti. Hakubamiza mlango; aliufunga vizuri, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tulisikia hatua zake ngazi nne zote. Fundi alibaki amesimama vile vile mpaka mlango wa chini uliposikika.

“Bon,” akasema. “Anajua sasa.” Kisha akaongeza, “Urudi mwezi ujao. Sipendi kungoja miye peke.”

Nilirudi. Jumamosi ya kwanza, saa tisa na nusu. Hakuwa ameniambia tunangoja nini, nami sikuuliza. Mvua ilikuwa inanyesha. Saa kumi ikafika, ikapita. Fundi alikuwa ametandika vikombe vitatu na hakugusa chake. Saa kumi na robo aliniambia habari za mpwa wake Likasi, akaziacha katikati. Saa kumi na nusu alianza kuvikusanya vikombe, akanipa mgongo, na nilishukuru kwa kuwa sikuuona uso wake.

Kengele ikalia.

Joris alikuwa amelowa mpaka shingoni, mikono mitupu, bila keki. Alipita kando yangu kwenye mlango. Hakumkumbatia mtu na hakusema habari gani. Akasimama mbele ya Fundi.

“Kahawa imebaki?” Joris akauliza.

Fundi alisema imebaki, ila imepoa. Joris akasema si neno, akavuta kiti.